Ruhusa ya Aliyebeba Kiti

Ilikuwa Jumamosi, tarehe kumi na mbili Oktoba 2019, saa nne asubuhi. Anga la Johannesburg lilikuwa jeupe kwa joto, na mvua ya kwanza ya msimu ilikuwa bado haijanyesha. Suhaib alishuka ngazi za jengo lao la Berea akiwa amebeba jalada la kadibodi kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba sinia la vikombe vilivyojaa. Ndani ya jalada mlikuwa na mchoro mmoja. Alikuwa anampelekea Mama Marthe ili amwombe ruhusa ya kuuonyesha.

Suhaib alikuwa Mzanzibari wa miaka thelathini na minne. Mchana alifanya kazi katika kiwanda cha uchapaji huko Randburg, na jioni alichora katuni. Alikuwa amezipeleka katuni hizo kwenye magazeti kwa miaka minne, na hakuna gazeti lililochapisha hata moja. Sasa mlango ulikuwa umefunguka upande asioutazamia. Mwezi wa Novemba kungekuwa na maonyesho, hukohuko Randburg, ya kumkumbuka Wajih Samhan, mchora katuni wa Kipalestina aliyefariki miaka thelathini iliyopita. Waandaaji walikuwa wametenga ukuta mmoja kwa wachoraji sita wa Johannesburg, na Suhaib alikuwa mmoja wao. Mchoro ulitakiwa uwafikie Jumatatu.

Wachoraji wengine watano wangeweza kuchora walichotaka na kukipeleka moja kwa moja. Suhaib alijifunga na desturi ya Samhan mwenyewe. Samhan hakupeleka gazetini uso wa mtu yeyote kabla mtu huyo hajauona. Aliuchukua mchoro, akaenda hadi mlangoni kwa mwenye uso, akauliza. Akikubaliwa aliupeleka. Akikataliwa aliupasua palepale, mbele ya macho ya aliyekataa. Suhaib aliifuata desturi hiyo tangu alipoijua, ingawa mpaka siku hiyo hakuna aliyewahi kumkatalia.

Mama Marthe alikuwa Mkongo wa Lubumbashi, na saluni yake ilikuwa chini ya jengo hilohilo. Katika vurugu dhidi ya wageni za mwanzo wa Septemba mlango wake ulivunjwa na saluni ikakombwa: vioo, mashine za kukaushia nywele, mafuta, na viti vyote. Suhaib aliyaona hayo kutoka dirishani kwake, ghorofa ya tatu. Wiki iliyofuata aliyachora. Katika mchoro, Mama Marthe amesimama mlangoni, chanuo mkononi. Viti vyake vinaondoka barabarani kwa mstari, vimevaa tai na miwani, vinatembea kwa miguu yao wenyewe kama waheshimiwa wanaokwenda mkutanoni. Kiti cha mwisho tu ndicho kimebebwa. Kiko mgongoni mwa mwanamke aliyeinama, kitambaa cha kichwa kimekwenda upande, ndala moja imebaki nyuma, na uso wake umegeukia kwetu. Uso ule ndio uliokuwa roho ya mchoro. Ukiuziba kwa kidole, kilichobaki ni kichekesho tu.

Mama Marthe alikuwa anamsuka mteja aliyeketi kwenye kiti cha plastiki. Alifuta vidole kwa aproni, akauweka mchoro kwenye meza na kuuinamia.

"Shingo yangu umeifanya fupi," alisema.

"Ndivyo ilivyo, Mama Marthe."

"Angalia huyu. Mungu akupe mke asiye na macho." Mteja alicheka. Mama Marthe aliendelea kutazama, akavihesabu viti kwa kidole, akacheka kwa miwani viliyovaa, kisha kidole kikafika kwenye kiti cha mwisho na kutulia. "Huyu," alisema taratibu, kwa Kiswahili cha kwao Lubumbashi, "njo yeye kabisa."

Hawakumtaja jina. Hapakuwa na haja. Wote wawili walimjua: Thembekile, anayekaanga na kuuza amagwinya, yale maandazi ya huku, pale kwenye kona, na anayeishi ghorofa ya tano ya jengo hilohilo.

"Basi unakubali?" Suhaib aliuliza.

"Nakubali nini? Nakutuma. Waone. Tangu siku ile watu wananiambia pole, na kesho yake wanapita kama hapakuwa na kitu. Waone mlango wangu."

Suhaib alifunga jalada na kupanda ngazi kwa wepesi. Aliona kazi imekwisha.

Saa tisa alasiri ya siku hiyo alikuwa na shughuli nyingine. Dada Mayasa, mzaliwa wa Tanga aliyefundisha chuoni na kuishi Midrand, ndiye aliyeratibu maonyesho. Alitaka Waswahili waje, na alijua kwamba hawaji mahali wasipojua wanakwenda kuangalia nini. Kwa hiyo alikodi chumba cha chini ambacho Jumamosi asubuhi hutumika kwa madrasa, akamwomba Suhaib aeleze kwa Kiswahili maisha ya Samhan. Walikuja watu wapatao arobaini: Watanzania wengi, Wakongo kiasi, na watoto waliosikia kila neno la Kiswahili lakini waliulizana maswali yao kwa Kiingereza.

Suhaib alieleza vizuri. Alikuwa ameyajua maisha hayo tangu mwaka 2015, kiwanda chao kilipopewa kazi ya kuchapa kalenda yenye picha za Samhan. Karatasi zilizochapwa vibaya alizichukua nyumbani, akazibandika ukutani juu ya kitanda. Alisema kwamba Samhan alizaliwa katika kijiji karibu na Ludd, na kwamba mwaka 1948, akiwa na miaka kumi na miwili, alitoka huko kwa miguu akimfuata mama yake, asirudi tena. Alikulia katika kambi nje ya Amman. Alijifunza useremala. Alitengeneza viti kwa miaka sita kabla ya kuuza katuni yake ya kwanza, na kwa sababu hiyo alikijua kiti kwa undani, viungo vyake na pahala kinapovunjikia. Alifanya kazi katika magazeti ya Kuwait, kisha Beirut. Alifukuzwa na wahariri watatu. Vitisho vilimhamisha nyumba mara nyingi kuliko kodi. Mwaka 1982 alihamia Nicosia, na huko alikufa kwa maradhi ya figo, kalamu zake zikiwa zimeoshwa na kupangwa.

"Watawala hakuwachora," Suhaib alisema, akainua picha moja ili waione. "Kila mtawala kwake alikuwa kiti. Mfalme kiti, waziri kiti, jenerali kiti chenye nyota. Watu walimwuliza kwa nini. Alisema mwenye uso lazima aombwe ruhusa, na yeye hakuwa na nauli ya kwenda ikulu. Kiti hakiombwi."

Watu walicheka. Hapo ndipo alipoeleza desturi ya kuomba ruhusa na kupasua. Wanawake wawili mbele walitikisa kichwa kwa kuridhika, kana kwamba wamesikia habari za mchumba mwenye adabu.

Khatibu aliinua mkono. Alikuwa mfanyabiashara wa simu, Mtanga, na kila mkutano aliouhudhuria aliuliza swali la kuwaudhi Wazanzibari.

"Sheikh Suhaib, mimi ni mtu wa bara, nifahamishe polepole. Huyo bwana alikuwa akiwaomba ruhusa wanyonge. Wanyonge watakataa nini? Mtu kachorwa anaonewa, atafurahi. Je, na mwizi naye alimwomba?"

"Alimwomba," Suhaib alijibu mara moja, maana kisa hicho alikijua kwa moyo. Katika kambi yao palikuwa na mtunza ghala aliyeiba unga wa wakimbizi. Kambi nzima ilijua. Samhan alimchora na mfuko wa unga chini ya koti, tumbo limetoka kama la mjamzito, na watu walioona walisema ni kazi yake bora kuliko zote. Akaenda nayo hadi mlangoni kwa mtunza ghala. Mtunza ghala akakataa. Samhan akaipasua. Kambi ikamkasirikia, ikasema amekula unga pamoja na mwizi. Samhan aliwajibu kwamba akiwauliza wale watakaofurahi tu, hiyo si ruhusa anayoomba, ni sifa.

Suhaib aliyasema maneno hayo ya mwisho kwa sauti iliyopungua. Kalenda ilikuwa imeyaandika chini ya mwezi wa Agosti, na alikuwa ameyasoma mara nyingi akiwa amelala chali. Sasa aliyasikia yakitoka kinywani mwake, na jalada lilikuwa kwenye kiti pembeni, na ndani yake alikuwemo mwanamke aliyebeba kiti, ambaye hakuna aliyemwuliza.

"Nimefahamu," Khatibu alisema. "Kumbe Wapalestina wana adabu kuliko Waunguja." Chumba kizima kilicheka, Suhaib naye alicheka kwa meno.

Baada ya chai alimweleza Mayasa kuhusu mwanamke huyo ambaye hajaulizwa. Walikuwa nje, kando ya gari lake. Mayasa alikuwa mwanamke wa kukata maneno, na alimsikiliza huku akipanga vikombe kwenye boksi.

"Wewe umemwona akiiba?" aliuliza.

"Nimemwona."

"Basi ni ushahidi. Ushahidi hauombi ruhusa."

"Dada Mayasa, nimesimama mbele ya watu nusu saa nikiisifu desturi."

"Umeisifu, vyema. Hujaapa. Ile ilikuwa desturi ya Samhan, haikuteremshwa." Alifunga boksi. "Kama roho inakusuta, badilisha uso. Mpe pua nyingine. Mfanye mwanamume. Nani atajua?"

Suhaib alimwambia kwamba mtaa wote ungejua. Aliyebeba kiti siku ile alionekana na madirisha yote ya barabara. Ukimpa ndevu watasema ni Thembekile mwenye ndevu. Na zaidi ya hayo, uso mwingine ungekuwa uongo, na mchoro ungebaki viti vyenye miwani. Mayasa alifikiri kidogo. Kisha akamwambia jambo lililomkaa Suhaib kifuani usiku huo: kwamba ameuona mchoro, kwamba kati ya ile sita ndio pekee ambao Samhan angesimama mbele yake, na kwamba nafasi ya namna hii katika mji huu haibishi hodi mara mbili kwa mtu wa kiwandani.

"Jumatatu saa sita nafunga orodha," alisema, akaondoka.

Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi. Kama Suhaib angenyamaza, jina lake lingekuwa ukutani. Kama angepanda ghorofa mbili, huenda lisingekuwa. Jumapili asubuhi alikaa na mchoro hadi saa nne, akijaribu kujishawishi kwamba Thembekile angekubali. Kisha akapanda.

Thembekile alimfungulia mlango akiwa na unga mikononi. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mpana, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita wateja ng'ambo ya barabara. Walizungumza kama walivyozungumza siku zote pale kwenye kona, Kizulu cha sokoni kilichochanganyika na Kiingereza. Alidhani amekuja kuagiza amagwinya ya sherehe. Suhaib alimwambia hapana, Ma, nimekuja kukuonyesha kitu, kisha nitakuuliza swali, na jibu lako ndilo litakalofuatwa.

Alimkaribisha ndani. Chumba kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia. Upande wa dirishani, juani, alikaa bibi mwembamba sana, blanketi magotini, mkono mmoja umekunjamana kifuani kwa kiharusi. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kuoshea nywele, chekundu, chenye mikono ya chuma na mgongo unaolala nyuma. Suhaib alikitambua kiti kabla hajamwona aliyekikalia.

Thembekile alimwona akitazama.

"Usitengeneze hadithi," alisema. "Sikukichukua kwa ajili ya mama. Nilikichukua kwa sababu mlango ulikuwa wazi na kila mtu alikuwa anachukua. Yeye alikuja kukikalia baadaye. Haya, nionyeshe."

Suhaib alifungua jalada juu ya kitanda. Thembekile aliuinamia mchoro akiwa ameweka mikono nyuma ili asiuchafue kwa unga. Alivitazama viti vyenye tai na akatoa kicheko kifupi cha puani. Alimtazama Mama Marthe na chanuo lake. Halafu alijiona. Bibi aliuliza kutoka dirishani ni nani huyo, na Thembekile akamjibu, bila kugeuka, kwamba ni kijana wa ghorofa ya tatu.

"Ndala yangu ilibaki kweli," alisema hatimaye. "Sikuipata tena."

"Ndiyo, Ma."

"Umenichora vizuri. Hujanipunguza, hujaniongeza." Alinyooka. "Swali lako ni lipi?"

"Mchoro huu utatundikwa ukutani, Randburg, watu wauone. Nauliza kama unakubali."

"Hapana."

Suhaib alikuwa amelitegemea neno hilo, lakini lilipokuja lilikuja kama ngazi ambayo mguu haukuitazamia. Alifungua kinywa amweleze kuhusu maonyesho, akaacha. Alifungua tena amwambie kuhusu Mama Marthe, anayetaka mlango wake uonekane. Hayo aliyasema, kwa sababu yalikuwa ya kweli na Thembekile alistahili kuyasikia kabla ya kukata shauri.

"Mlango wake uchore," alisema Thembekile. "Mlango haujakataa. Mimi nauza pale kwenye kona kila siku. Wanaojua wanajua, na wananunua. Lakini kujua ni jambo moja, na picha ni jambo jingine. Picha haichoki. Hapana, bhuti, kaka yangu."

Wakati huo jua lilikuwa limemwangukia bibi shavuni na kwenye chuma cha mkono wa kiti. Jicho la Suhaib, bila yeye kulituma, lilikwenda pale na kuanza kupima: kichwa kidogo, mgongo mkubwa mwekundu, mkono uliokunjamana. Ule ungekuwa mchoro mkubwa kuliko huu.

"Na hilo pia hapana," alisema Thembekile.

Suhaib aliinamisha macho. Akauchukua mchoro kutoka kitandani, akaushika kwa ncha mbili, akaupasua katikati. Ilikuwa karatasi nzito na haikupasuka kwa urahisi. Ilimbidi aanze upya kwa chini. Aliviweka vipande pamoja akavipasua tena, akavilaza kitandani.

"Unafanya nini?" Thembekile aliuliza kwa hasira ya kweli. "Nilisema usionyeshe. Sikusema upasue."

Alimweleza kwa ufupi kwamba huo ndio utaratibu, na kwamba aliujifunza kwa mtu aliyechora hivyo maisha yake yote, Mpalestina, ambaye sasa amekufa.

"Huyo mtu wenu alijipa kazi," alisema Thembekile. Alijifuta mikono kwenye gauni, akainama, akavipekua vile vipande kama anayechambua mchele, mpaka akakipata chenye uso wake. Hakuomba. Alikichomeka kwenye fremu ya kioo, nyuma ya kadi ya kliniki ya mama yake. "Hiki hakionekani na mtu," alisema. Vipande vilivyobaki alimrudishia.

Suhaib alikwenda moja kwa moja kwa Mama Marthe, kwa kuwa hakutaka alisikie jambo hili ngazini. Alimkuta anafagia. Alimwambia mchoro haupo tena, na kwa nini.

Mama Marthe aliacha ufagio ukaanguka.

"Yeye ndiye amekataa? Yeye?" Alicheka, na kicheko hakikuwa na raha. "Mimi nimeibiwa, nimekubali. Yeye ameiba, amekataa. Na wewe ukamsikiliza yeye. Kaka Suhaib, na mimi uliniuliza ya nini?"

Suhaib alijaribu kumweleza kisa cha mtunza ghala. Mama Marthe alimwambia kwamba unga ule haukuwa wake huyo Samhan. Halafu akamwomba atoke, kwa sababu alikuwa anafagia.

Yaliyofuata ni haya.

Jumatatu kabla ya saa sita Suhaib alimpigia simu Mayasa na kumwambia hana mchoro. Mayasa alisema ni mjinga, kisha akasema atautafutia ukuta mpangilio mwingine. Alitundika michoro mitano na kuongeza nafasi kati yake. Jina la Suhaib alilifuta kwenye tangazo la mlangoni.

Khatibu alikwenda kwenye maonyesho na wanawe wawili. Alisimama muda mrefu mbele ya jenerali mwenye nyota, na alipotoka aliwaambia watu kwamba kile kiti anakijua, kiliwahi kumnyima leseni ya biashara Tanga.

Mama Marthe hakumsalimu Suhaib kwa wiki mbili. Wiki ya tatu alimwita, akamwambia achore mlango peke yake, uliovunjika, bila watu. Suhaib aliuchora. Mama Marthe aliutundika ndani ya saluni, juu ya kioo kipya.

Thembekile hakurudisha kiti. Mwishoni mwa Novemba aliteremka saluni, akasalimu, akaketi kwenye kiti cha plastiki na kusema anataka kusukwa. Mama Marthe alimsuka kwa saa tatu. Alikaza kuliko kawaida, na Thembekile hakulalamika. Alipomaliza, Thembekile alilipa bei iliyoandikwa ukutani, akapanda kwa mama yake.

Suhaib aliendelea na kazi Randburg. Mwezi wa Desemba alianza kumchora mlinzi wa usiku wa jengo lao, na alishuka kumwuliza kabla ya kugusa wino.